Udongo ni wa Kweli, Chungu ni cha Mfinyanzi



Mwezi uliopita nilikuwa Matema, katika wilaya ya Kyela, pale ambapo Ziwa Nyasa lakoma upande wa kaskazini na Milima ya Livingstone yashuka mpaka karibu na maji. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya rafiki yangu wa siku nyingi, mvuvi na mkulima wa kakao, mtu wa watoto sita na maneno machache. Baada ya sala ya Isha tulikaa sote pamoja, wakubwa kwa wadogo, na televisheni ikawashwa. Palikuwa na kipindi cha vijana waliowekwa katika nyumba moja, wake kwa waume, wakila, wakigombana na kulia mbele ya kamera, na watazamaji wakatakiwa kupiga kura kwa simu, nani abaki na nani atoke.

Bibi wa nyumba ile, mama yake mwenyeji wangu, alitazama kidogo, kisha akauliza, "Hawa wanafanya kweli au wanaigiza?"

Mjukuu wake, kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne, akamjibu upesi, "Ni kweli tupu, bibi. Hapana mwigizaji hapo. Kamera zawatazama usiku na mchana."

Dada yake akacheka, akasema, "Uwongo mtupu. Yote wameandikiwa."

Ukazuka ubishi, na ubishi ukawa ugomvi, mpaka baba akanyanyuka akaizima televisheni. Watoto walipokwenda kulala, alinichukua nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana ameniomba shilingi laki tatu katika fedha za kakao. Amesikia kuwa Dar es Salaam watafutwa vijana wa kipindi namna hiki. Na juzi nimegundua kuwa fedha nilizompa anunue dawa ya kunyunyizia kakao, amezimaliza kwa kupiga kura. Wewe ni mtu wa kusoma na kuandika. Niambie, mambo haya ni kweli au si kweli? Kwani kama ni kweli, labda ninamzuilia riziki yake. Na kama ni uwongo, ninampeleka shimoni kwa mkono wangu."

Nikamwomba anipe mpaka asubuhi, kwani sikuwa na jawabu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, na tukaenda sote watatu, mimi, baba na kijana wake. Wale waliofika huko wajua kuwa wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, wakavipanga mchangani kwa makumi. Nikaokota chungu kimoja, nikamwuliza kijana, "Chungu hiki ni cha kweli?"

"Ni cha kweli."

"Na udongo wake?"

"Wa kweli."

"Je, udongo huo ulitoka ardhini ukiwa na umbo hili?"

Akatabasamu, asijibu. Lakini baba yake, aliyekuwa kimya njia nzima, akasimama. "Umenikumbusha jambo," akasema. Kisha akatusimulia kuwa miaka mingi iliyopita walifika wageni wenye kamera, wakataka kuonyesha maisha ya wavuvi yalivyo. Alfajiri ile wavu ulitoka na usipa kidogo tu. Wageni wakamwomba autupe tena jua likiwa limepanda, kwa kuwa mwanga wa alfajiri haukuwafaa. Akautupa, ukatoka mtupu. Mara ya tatu walinunua mbasa watatu kwa jirani, wakawatia ndani ya wavu majini, wakamwambia auvute, na afurahi.

"Nikafurahi," akasema, "kwani walinilipa. Mimi ni mvuvi wa kweli, ziwa ni la kweli, na mbasa walikuwa wa kweli. Lakini siku ile sikuvua mbasa hata mmoja."

Kijana akamtazama baba yake kama amwonaye kwa mara ya kwanza. "Mbona hukutuambia, baba?"

"Hamkuniuliza. Na mimi nilidhani ya televisheni ni mambo mengine."

Basi, ndugu msomaji, jawabu nililokuwa nikilitafuta usiku kucha nililipata mdomoni mwa mwenye suala. Bali kwa kuwa naamini ubishi ule haukuwa wa nyumba moja, nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu, ili wazazi na vijana walipime kwa mizani iliyo sawa.

Vipindi hivi vyajulikana kwa jina la vipindi vya maisha halisi. Kile cha watu kufungiwa katika nyumba moja kilianza Uholanzi mwaka 1999 kwa jina la Big Brother, kikaenea katika nchi nyingi za dunia. Afrika kilifika mwaka 2003. Watu 12 kutoka nchi 12 walikaa siku 106 katika nyumba moja huko Johannesburg, na zawadi ilikuwa dola 100,000. Aliyeshinda alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, na Mtanzania Mwisho Mwampamba alikuwamo mpaka siku ya mwisho. Mwaka 2007 Mtanzania mwingine, Richard Bezuidenhout, alishinda dola 100,000. Na mwaka 2014, ambao ndio uliokuwa wa mwisho wa kipindi hicho cha Afrika nzima, Idris Sultan, naye Mtanzania, akashinda dola 300,000. Kwa hivyo kijana wa Matema akisema kuwa watu wametajirika kwa njia hii, hasemi uwongo. Fedha hizo zilikuwa za kweli.

Hata majirani wa Kyela walishughulishwa na jambo hili. Ukivuka mto Songwe umefika Malawi, na mwezi wa Agosti 2003 Bunge la nchi hiyo liliamua kuwa televisheni ya taifa isionyeshe kipindi hicho, kwa sababu ya maadili. Baadaye mahakama ikaliondoa katazo hilo. Neno la maadili ni zito, na killa mzazi alijua wajibu wake humo. Lakini katika makelele yale, wachache waliuliza suala la bibi wa Matema, ambalo kwa rai yangu ndilo lenye kutangulia: je, hiki nionacho ndicho kilichotokea?

Jawabu la suala hilo ni kuwa aghalabu watu wale hawakuandikiwa maneno kama waigizaji wa sinema. Hapo kijana ana haki. Lakini yapo mambo manne ambayo mfinyanzi huufanyia udongo kabla haujawa chungu, na hapo dada yake ana haki kuliko alivyojua mwenyewe.

La kwanza ni kuchagua. Maelfu hujitokeza, na wachache huchukuliwa. Hawachaguliwi kwa kuwa wao ni mfano wa watu wote, bali kwa kuwa hawatapatana. Mpole hutiwa pamoja na mkali, mcha Mungu pamoja na mlevi, mwenye siri pamoja na mbeya. Ukiwafungia simba na mbuzi katika zizi moja, huna haja ya kuwaandikia maneno. Yatakayotokea yatatokea yenyewe, lakini zizi umelijenga wewe.

La pili ni kuwaweka katika hali isiyokuwa ya kawaida. Hawana kazi wala simu, hawapati gazeti, hawaonani na wazee wala jamaa wa kuwasuluhisha. Hupewa kazi za kuwashindanisha, na zamu ya kutajana nani atolewe. Mtu wa kawaida akigombana na mwenzake huondoka akaenda zake mpaka hasira ikapoa. Hawa mlango wao umefungwa. Machozi yao ni ya kweli, kama jasho la mtu aliyefungiwa karibu na tanuri lilivyo la kweli. Walakini hatuwezi kutazama jasho lile tukasema kuwa mtu huyo ndivyo alivyo siku zote.

La tatu ni kukata na kuunga, na hapa ndipo mkono wa mfinyanzi unapofanya kazi kubwa. Mwaka 1973 huko Marekani ilionyeshwa khabari ya jamaa moja, baba, mama na watoto wao watano, kwa jina la An American Family. Zilipigwa picha za saa zipatazo 300, na zilizoonyeshwa ni saa 12. Yaani katika killa saa 25, watu waliona moja. Jamaa wale walipojitazama walilalamika kuwa hawakujitambua, kwa kuwa ugomvi ulibakizwa na mazungumzo mema yakatupwa. Hakuna neno lililotungwa. Lililofanywa ni kuchagua. Na mkataji ana uwezo zaidi ya huo. Aweza kuchukua uso ulionuna kwa sababu ya njaa siku ya Jumatatu, akauweka baada ya maneno yaliyosemwa siku ya Alkhamisi, nawe ukaapa kuwa umeona kwa macho yako jinsi fulani alivyomchukia mwenziwe. Macho yako hayakukosea. Uliyokosa ni siku zilizokuwa katikati.

La nne ni kurudia, kama walivyofanya wale wageni wa Matema. Wengi wamesikia khabari ya mashindano ya Survivor, ambayo watu hupelekwa mwituni wakatafuta chakula na maji wenyewe. Mtayarishaji wake, Mark Burnett, alikiri mwaka 2001 kuwa baadhi ya picha zilirudiwa kwa kutumia watu wengine badala ya washindani, ili zipatikane picha nzuri zaidi. Alisema kuwa jambo hilo halikubadili matokeo, na huenda ni hivyo. Lakini waliotazama walidhani kuwa wamwona mshindani, kumbe wamwona mtu mwingine.

Na mwaka huo huo wa 2001 mashindano hayo yaliletwa kwetu Afrika ya Mashariki, katika hifadhi ya Shaba, huko Isiolo, Kenya. Wamarekani 16 waligawanywa makundi mawili, moja likaitwa Boran na la pili Samburu, wakakaa siku 39 kwa kiu na njaa, wakishindania dola milioni moja. Tafakari jambo hili, ndugu yangu. Waborana na Wasamburu wenyewe, ambao huo ukame ndio ulimwengu wao, ambao huchota maji na kuchunga mifugo katika nchi ile bila ya zawadi wala siku ya 40 ya kurudi nyumbani, hao hawakuwa washindani. Walichukuliwa majina yao tu. Maisha halisi ya pale yaliendelea ng'ambo ya uwanja wa kamera.

Mpaka hapo tumezungumza juu ya kufinyanga, ambako mtu aweza kukutetea, kwani killa mwenye kusimulia hisa huchagua la kusema na la kuacha. Lakini uko mpaka, na ukivukwa jambo huwa khiyana. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa na mashindano ya maswali kwenye televisheni, na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Charles Van Doren, akawa kipenzi cha taifa kwa kujua killa kitu. Mwaka 1959 alikiri mbele ya Baraza la Congress kuwa alikuwa akipewa maswali na majibu kabla ya mashindano. Mwaka uliofuata sheria ikatungwa kuifanya hila namna hiyo kuwa kosa la jinai. Watu hawakukasirika kwa kuwa walionyeshwa mchezo. Walikasirika kwa kuwa waliambiwa kuwa si mchezo.

Na leo khiyana hiyo huingia kwa mlango wa kura, jambo linalomgusa killa mwenye simu. Huko Uingereza mwaka 2007 shirika la GMTV lilitozwa faini ya pauni milioni 2, kwa sababu watu walilipia simu za kuingia katika mashindano hali ya kuwa hawakuwa na njia ya kushinda. Mwaka 2008 shirika la ITV likatozwa zaidi ya pauni milioni 5 kwa makosa ya namna hiyo. Huko Korea ya Kusini, katika mashindano ya vijana waimbaji yaliyoitwa Produce, iligunduliwa mwaka 2019 kuwa hesabu za kura za watazamaji zilichezewa, na mwaka 2020 mmoja wa watayarishaji wake akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Sisemi kuwa killa penye kura pana wizi. Kusema hivyo ni kuwadhulumu walio waaminifu. Lakini hata pale ambapo hesabu ni safi, kura ya kununuliwa si kura. Mwenye fedha nyingi ana sauti mia, na mtoto wa mkulima ana sauti moja aliyoipata kwa kuinyima kakao dawa yake.

Sasa tusije tukaruka upande wa pili tukasema kuwa yote ni upuuzi. Hapa petu Tanzania kimekuwako kipindi cha Maisha Plus, kilichoanzishwa na Masoud Kipanya, mchoraji mashuhuri wa vikatuni, na wenzake, ambacho vijana wa mjini na wa shamba walikaa pamoja katika kijiji. Kuanzia mwaka 2012 waliingia humo pia wanawake wakulima katika mashindano ya Mama Shujaa wa Chakula, yaliyoandaliwa pamoja na shirika la Oxfam. Kijiji kile kilipangwa kwa ajili ya kamera, hapana shaka. Lakini wale akina mama walikuwa wakulima kweli, na waliyoyasema juu ya ardhi, mbegu na masoko yalikuwa mambo yao, na nchi nzima ikawasikia. Na yule Mmarekani aliyeshinda kule Shaba, Ethan Zohn, alitumia sehemu ya fedha zake kuanzisha pamoja na wenzake chama cha kuwafundisha vijana wa Afrika kujikinga na UKIMWI kwa njia ya mpira wa miguu. Chungu kilichofinyangwa chaweza kupikiwa chakula halali. Kinachotakiwa ni kujua kuwa kimefinyangwa, na kwa mkono wa nani.

Kwa hivyo, wazazi wenzangu, televisheni ikiwashwa nyumbani, pamoja na kuangalia adabu ya yanayoonyeshwa, wafundisheni watoto kuuliza maswali matatu. Nani ameishika kamera, na amesimama wapi? Nini kilitokea kabla ya hili nilionalo, na nini baada yake? Na nani anapata fedha nikikasirika, nikilia au nikipiga kura? Mtoto aliyezoea kuuliza hayo hadanganyiki kwa upesi, si na televisheni tu, bali hata na picha fupi zinazozagaa katika simu, ambazo nazo huitwa maisha ya kweli ya watu.

Liko na lingine lililo kubwa kuliko fedha. Tumeamrishwa tuihakikishe khabari kabla ya kuifuata, na tujiepushe na dhana mbaya juu ya watu. Ni mara ngapi tumekaa sebuleni tukamtukana msichana tusiyemjua, tukamwita mwongo au mchoyo, kwa ushahidi wa nusu saa iliyokatwa katika siku nzima? Siku moja ina nusu saa 48. Yule binti ana wazazi, na siku moja atarudi kwao. Sisi tumehukumu kwa moja, na 47 hatukuziona.

Na enyi vijana, sikuandika haya kuwavunja moyo. Kama mwataka kwenda, nendeni kama mtu aendaye kufanya biashara na mtu mjanja, si kama mtu aendaye kupendwa. Jueni kuwa aghalabu hutiwa sahihi mkataba unaompa mwenye kipindi ruhusa ya kukata na kuunga atakavyo, na kwamba sura atakayokupa ndiyo jirani zako watakayoiona, ikiwa ni yako au si yako. Kati ya watu 12 hushinda mmoja, na 11 hurudi nyumbani na sura zao.

Jioni ile, tuliporudi kutoka Lyulilo, baba alimwita kijana wake barazani mbele ya bibi na dada yake. Akasema, "Nitakupa nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, na ya kurudi utaikuta kwa baba yako mdogo huko Dar es Salaam. Mkataba wowote watakaokupa, usiutie sahihi mpaka umeletwa hapa ukasomwa, na dada yako ndiye atakayeusoma. Na kabla hujaondoka, utavua pamoja nami mpaka fedha za dawa ya kakao zirudi. Fedha za kura sitoi hata senti moja."

Kijana akakubali. Bibi, aliyekuwa akisikiliza huku akipeta mchele, akauliza tena suala lake la jana, "Basi wale wanafanya kweli au wanaigiza?"

Mjukuu wake akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ni mbasa wa kweli, bibi. Lakini hawakuvuliwa pale."

Wassalaam.